Kiganja kwa Mabichi, Kifuniko kwa Makavu

Kifuniko chenyewe kilikuwa cha chupa ya dawa ya kikohozi. Zamani kilikuwa cheupe, sasa kilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara, na Mama Majani alikaa nacho mfukoni mwa aproni kwa miaka kumi na tisa. Hakikulala jikoni hata siku moja. Aproni ikienda kufuliwa, kifuniko kilihamia kwenye pochi, pamoja na kitambulisho na ufunguo wa nyumba.

Jina hilo la Mama Majani hakulipata kwa kuzaa, maana mtoto hakuwa naye. Alilipata kwa sababu ya madebe. Nyuma ya jiko la mgahawa, kati ya tangi la maji na ukuta, yalipangwa madebe kumi na moja ya mafuta ya kupikia yaliyotobolewa chini, na katika kila debe ulikuwa mmea wa oregano, kiungo cha majani yenye harufu kali. Asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, alipita kuyasalimia madebe. Wahudumu walimtania kwamba wanawe hawalii wala hawaombi madaftari. Aliwajibu kwamba hawasemi uongo pia, ndiyo maana amezaa kumi na mmoja.

Mgahawa ulikuwa kwenye mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi. Wateja walikuja na vumbi la saruji kwenye nyusi, wakanawa, wakakaa, na hawakuuliza kuna nini. Walifuata kuku wa kuoka aliyemwagiwa mchuzi wa nyanya. Kuku wapo kila mahali. Mchuzi ule ulipatikana kwa Mama Majani tu.

Wakati wa mvua kazi ilikuwa nyepesi. Alikata vikonyo vya oregano, akavipurura, akakatakata majani yangali na umande, na kwa kila sufuria akatia kiganja kimoja kilichojaa. Hayo yalikuwa ya mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshateremshwa. Alitia, akafunika, akahesabu mpaka mia, akafunua. Oregano mbichi ukiichemsha sana inanuka nyasi.

Kiangazi mambo yaligeuka. Madebe yalibaki na vijiti, na hapo ndipo ilipotoka oregano kavu. Hiyo aliikata mapema, kabla mmea haujatoa maua, akaifunga vishada kwa uzi na kuvining'iniza stoo kichwa chini, mahali jua lisipofika, kwa sababu jua likishakausha jani linaondoka na harufu yake. Baada ya wiki mbili vishada vililia kama karatasi. Majani aliyaweka mazima kwenye chupa za jemu, akayasugua kati ya viganja siku ya kupika tu. Kavu iliingia mwanzo, kitunguu kikianza kulainika kwenye mafuta. Na haikupimwa kwa kiganja. Watu hudhani kitu kikikauka kinapungua nguvu, lakini oregano ikikauka hukusanya nguvu zake mahali pamoja. Kiganja cha makavu ni viganja vitatu vya mabichi vilivyojikunyata. Ukikosea hapo, mchuzi unageuka mchungu, uchungu wa shubiri, unaokaa nyuma ya ulimi mpaka ulimi unakufa ganzi, na hakuna nyanya wala sukari itakayouokoa. Kwa hiyo kiangazi alipima kwa kifuniko cha dawa. Kimoja kwa sufuria, kikafutwa juu kwa kidole. Jambo hilo halikuandikwa popote.

Yeye mwenyewe alilijua kwa aibu. Aliyemfundisha alikuwa mpishi wa kabla yake, Mzee Chumvi, mtu mkavu aliyeitwa hivyo kwa sababu alionja kila kitu mara tatu kabla ya kugusa kopo la chumvi. Alimfundisha wakati wa mvua, kiganja, hesabu mia, funika, vizuri kabisa. Kiangazi kilipofika akamwachia sufuria siku ya Jumamosi, mgahawa umejaa, akaketi kwenye gunia la viazi na kumtazama akitia kiganja kizima cha majani makavu. Hakumzuia. Sahani zilirudi zote. Wateja walipiga kelele, Mama Majani, wakati huo msichana tu, akalia ndani ya stoo, na Mzee Chumvi akamfuata huko, akamtupia kile kifuniko mapajani. "Sasa hutasahau," akamwambia.

Kweli hakusahau. Mwaka ule aliapa kwamba akipata mtu wa kumfundisha, atamfundisha yote mawili, mabichi na makavu, siku moja.

Mtu huyo alikuja kuwa mdogo wake wa kike. Walikuwa wawili tu, na kati yao miaka kumi na minne. Mama yao alipofariki, mdogo alikuwa na miaka minane, na tangu hapo alilelewa na kulishwa na mshahara wa jiko lile. Mkubwa aliishia darasa la saba, lakini alihakikisha mdogo anamaliza kidato cha nne. Nyumbani na mtaani mdogo alijulikana kwa jina la Kitinda, naye alimwita mkubwa wake dada, kwa sauti ya mtu anayeegemea ukuta imara.

Alipokosa kazi ya ofisini, Kitinda aliingia mgahawani. Alianza kwa kumenya na kuosha, akahudumia, akapokea simu za wateja. Alikuwa na mdomo mtamu. Fundi bomba akilalamika kwamba paja la kuku ni dogo, Kitinda humwambia kuku alikuwa mwanariadha, na fundi hucheka akalipa. Kisha mwaka wa tatu, wakati wa mvua, akamwomba dada yake amfundishe mchuzi.

Alimfundisha. Kiganja, hesabu mia, funika. Kitinda aliuliza maswali mengi na akayaandika majibu kwenye daftari lenye jalada la plastiki. Siku moja akauliza kuhusu kavu, na Mama Majani akamwambia kavu ni mambo ya kiangazi, kiangazi kikija wataongea. Hakuwa na nia mbaya siku hiyo. Au kama alikuwa nayo, ilikuwa bado mbichi.

Lakini viangazi vilikuwa vimeshapita viwili wakiwa pamoja jikoni, na katika viangazi vyote Mama Majani aliingia stoo peke yake, akaugeuzia mlango mgongo, akapima majani, akayachanganya na kitunguu saumu kilichotwangwa ili yasionekane yakiingia sufuriani. Ilikuwa mazoea ya miaka mingi, kama mtu anavyoficha hela kifuani hata akiwa nyumbani kwake. Kitinda alikiona kifuniko mara moja moja, akajua ni cha dawa, akahisi dada yake ana vidonda vya tumbo na hataki kumtia mtu wasiwasi. Hakumuuliza. Kila dada alipoingia stoo, yeye alishika mwiko na kukoroga kwa niaba yake, ili anywe dawa kwa utulivu.

Mwenye mgahawa alipofariki, mali ilimwangukia mwanawe, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, ambaye wafanyakazi walimwita Bosi Mdogo. Wiki ya kwanza alipaka kuta rangi. Wiki ya pili aliwaita akina dada wawili mezani, akawaeleza kwamba jiko halijawa na mpishi mkuu rasmi tangu Mzee Chumvi astaafu, na sasa anataka mmoja, mwenye cheo na kofia. Mama Majani alikunja mikono juu ya aproni na kusubiri. Miaka kumi na tisa alikuwa ameifanya kazi ile bila jina lake, kama mke asiyetolewa mahari.

Bosi Mdogo akasema chuo cha uuguzi cha jirani kinatafuta mahali pa kuwalisha wakufunzi wake chakula cha mchana kila siku. Alhamisi wangekuja watatu kuonja. Mpishi wa siku hiyo angekuwa Kitinda. Yeye ana kidato cha nne, anajua kuongea na watu, na ana sura ya kupokea wageni. Mchuzi ukiwapendeza wageni, kofia ni yake.

"Na wewe mama yetu," akamalizia, "utamsaidia kumenya. Wewe ni nguzo. Nguzo haionekani, lakini nyumba inasimama."

Huko ndiko kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama Majani alisema asante.

Njiani kurudi nyumbani Kitinda aliongea peke yake kwa muda mrefu. Alisema hakuiomba nafasi ile, alisema dada akitaka ataikataa kesho asubuhi. Mama Majani akamwambia asiwe mjinga, riziki haikataliwi. Kitinda akasema hata akivaa kofia yeye, mchuzi utabaki wa dada, kila mtu anajua. Mama Majani akamjibu kwamba kila mtu hajui chochote.

Kwa haki, alikuwa na siku tatu za kumwambia. Jumatatu walifua pamoja. Jumanne Kitinda alimsuka nywele, kichwa cha mkubwa kikiwa kwenye magoti ya mdogo, na maneno yakafika mpaka kwenye meno. Jumatano Kitinda aliijaribu kofia ya zamani ya Mzee Chumvi iliyokuwa kabatini, akajitazama kwenye mfuniko wa sufuria na kucheka. Akauliza, "Inanikaa?" Mama Majani akamwambia inamkaa. Na maneno yakashuka tena tumboni.

Alhamisi ilikuwa katikati ya kiangazi. Madebe yote yalikuwa vijiti.

Kitinda alipanga kazi yake vizuri, hakuna wa kumnyima sifa hiyo. Kuku waliingia tanuri kwa wakati, nyanya alizimenya kwa maji ya moto, vitunguu alivikata vikalingana. Mama Majani alikaa pembeni na beseni la vitunguu saumu. Ilipobaki nusu saa, sufuria ya mchuzi ikiwa imeshateremshwa, Kitinda alileta chupa ya jemu kutoka stoo. Akaifungua, akanusa, akageuka.

"Dada, na hizi kavu nazo ni kiganja?"

Jiko zima lilikuwa mikononi mwa Mama Majani kwa pumzi moja. Kifuniko kilikuwa mfukoni, kikimgusa paja. Alitazama kichwa cha mdogo wake, kimefunikwa kofia ambayo mshono wake wa nyuma aliwahi kuushona yeye mwenyewe mara mbili.

"Fanya ulivyofundishwa," alisema, akaendelea kumenya.

Kitinda akafanya alivyofundishwa. Alijaza kiganja, akasugua, akatia. Akafunika. Akahesabu mpaka mia kwa sauti ndogo, kama mtoto anayecheza kujificha. Kisha akaonja kwa ncha ya kijiko na uso wake ukasita kidogo. Aliomba dada aonje. Mama Majani akasema ana mafua, hapati ladha. Wageni walikuwa wameshafika.

Wakufunzi wale walikuwa wanawake wawili na mwanamume mmoja, watu wa heshima, wenye kucha fupi. Mwanamume alikula matonge mawili akatafuta maji. Mwanamke mmoja akaisogeza sahani taratibu, kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoumiza zaidi. Yule mkubwa wao, mama wa miwani, alifuta midomo akasema kwa upole, "Sisi ndio wauguzi, jamani, lakini leo tumenyweshwa dawa sisi." Wote walicheka, hata Bosi Mdogo alijitahidi kucheka. Kitinda, aliyekuwa na jibu kwa kila fundi bomba mtaani, alishika jagi akamimina maji kwenye bilauri iliyokuwa imeshajaa.

Mama Majani aliyaona hayo kupitia dirisha la kutolea chakula. Alikuwa ametarajia kwamba hapo moyo utatulia. Alikuwa amewaza pia kitakachofuata. Bosi angekuja jikoni, angesema nguzo ndiyo nyumba, angempa kofia, naye angemfundisha Kitinda kavu jioni hiyohiyo, kwa upole kuliko Mzee Chumvi, na mambo yangekwisha.

Bosi alikuja jikoni kweli. Hakumgombeza Kitinda. Alikiri kwamba msichana amepika kwa mpango na kwa usafi, tatizo ni yale majani. Jambo linaloweza kuharibika hivyo kwa kiganja kimoja si la kutegemewa katika biashara. Yupo mtu anayemuuzia mchuzi wa kiwandani kwenye galoni, ladha ileile mvua na jua. Ungeanza kutumika Jumatatu. Na yale madebe nyuma yang'olewe, anataka kuweka jenereta.

"Makosa hayakuwa ya majani," alisema Mama Majani. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Ya nani basi?"

Kitinda alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Mama Majani alipima majibu mawili. Akisema makosa ni ya Kitinda, anasema uongo. Akisema ya kwake, itabidi aeleze.

"Sijui," alisema.

Basi majani yakahukumiwa.

Jumamosi ilibaki sufuria ya mwisho ya mchuzi wa zamani. Mama Majani aliipika yeye. Aliingia stoo kama kawaida, akaugeuzia mlango mgongo, akamimina kutoka kwenye chupa, akafuta kwa kidole. Ila siku hiyo Kitinda hakushika mwiko. Tangu Alhamisi alikuwa hashiki kitu asichoambiwa. Aliingia stoo kuchukua sabuni, akamkuta.

Alikitazama kifuniko, majani yakiwa yamelingana na ukingo wake. Alitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Hicho si cha dawa yako ya tumbo?"

Mama Majani alikifunika kwa kiganja.

"Viangazi viwili na nusu nakukorogea sufuria ili unywe dawa, dada. Nilikuwa nakuombea kwa Mungu."

"Kitinda."

"Kwa hiyo nilipokuuliza, ulijua."

Hapo kulikuwa na maneno mengi ya kusema, kuhusu miaka kumi na tisa, kuhusu darasa la saba, kuhusu nguzo. Yaliyotoka ni haya: "Hata mimi nilifundishwa hivyohivyo. Mzee Chumvi aliniacha nikaharibu mbele za watu, ndipo akanipa."

Kitinda alichukua kipande chake cha sabuni.

"Mzee Chumvi hakuwa dada yako," alisema, akatoka.

Hawakugombana. Majirani wangetaka wagombane, wangekuwa na la kusuluhisha. Kitinda aliacha kazi Jumatatu, na mwisho wa mwezi akahamia kwa rafiki yake aliyesoma naye. Alichukua nguo zake, kitanda, godoro, na lile daftari la jalada la plastiki. Pale kilipokuwa kitanda chake cha chuma palibaki alama nne za kutu sakafuni, na Mama Majani alizifagia kila asubuhi kana kwamba zingetoka.

Kofia alipewa yeye. Hapakuwa na mtu mwingine. Ilikuwa mpya, nyeupe, ndefu, na kazi yake ikawa kufungua galoni, kumimina mchuzi kwenye sufuria na kuupasha moto. Madebe aliyang'oa kwa mikono yake, kwa sababu fundi wa jenereta alikuwa na haraka, akayarundika mizizi juu karibu na pipa la takataka. Asubuhi yake aliona rundo limepungua, akadhani ni mwokota vyuma chakavu. Wateja wa saruji walilalamika wiki mbili, kisha wengine wakazoea na wengine wakahama. Hakuna aliyeuliza tena majani yako wapi. Jina peke yake ndilo lililobaki, na sasa likiitwa lilimchoma.

Mvua zilikuja zikaenda. Kiangazi kilichofuata, mhudumu mmoja alimwambia, huku akikwepa macho yake, kwamba kuna kibanda kipya kwenye geti la chuo cha uuguzi, na wakufunzi wanapanga foleni kwa kuku wa kuoka. Hakutaja mpishi. Hakuhitaji kutaja.

Alikwenda siku yake ya mapumziko, amevaa gauni la kutokea. Kibanda kilikuwa cha mabati, kimepakwa chokaa, na mbele yake madebe mawili ambayo aliyafahamu kwa mikunjo yake, moja lenye kidonda pembeni alichokiziba kwa lami mwaka wa mafuriko. Hakuwa mwokota vyuma, basi.

Ndani alikuwapo Kitinda na mwanamke mwingine wa makamo aliyemsaidia kupika. Juu ya jiko, palipoonekana na kila mteja, kijiko kidogo kilining'inia kwenye msumari kwa uzi, na kando yake karatasi iliyobandikwa kwa gundi, kwa mwandiko wa Kitinda ambao dada yake alimfundisha, mezani, kwa taa ya chemli. *Mbichi: kiganja, mwisho. Kavu: vijiko vitatu, mwanzo. Usizidishe.* Mwanamke yule alipima mbele ya watu wote, akihesabu kwa sauti, na mteja mmoja akamsaidia kuhesabu.

Mama Majani alikaa kwenye benchi la mwisho. Kitinda alimwona. Haikuwezekana asimwone. Alifuta mikono kwenye kitambaa, akaja mpaka mezani na tabasamu lake lile la wateja.

"Karibu mama. Utakula nini?"

Mama Majani alisubiri kidogo, labda neno lingine lingefuata. Halikufuata.

"Kuku," alisema. "Na mchuzi."

Aliletewa. Alionja mara tatu, kama alivyozoea. Kijiko cha kwanza aliutafuta uchungu nyuma ya ulimi, cha pili akautafuta tena, cha tatu akakubali kwamba haupo. Vijiko vitatu vilikuwa sawasawa na kifuniko kimoja, labda pungufu kidogo, na pungufu hiyo ilikuwa sahihi. Yeye angeigundua miaka mingi iliyopita kama angekuwa na mtu wa kumuuliza. Alikula akamaliza, akafuta sahani kwa mkate. Mkono ulikwenda wenyewe mfukoni, lakini gauni la kutokea halikuwa na mfuko, na kifuniko kilikuwa kwenye pochi chini ya kitambulisho.

Kitinda alikuja kuondoa sahani. Aliitazama ilivyo safi, kisha akamtazama mwenye kula, na kwa muda wa kuhesabu tano hivi ilionekana kama kuna kitu kitasemwa.

"Karibu tena, mama," alisema.

Nyuma yake mwanamume mgeni alikuwa akitafuta pa kukaa. Kitinda alipangusa benchi kwa kitambaa, akamgeukia.

"Pita hapa, kaka yangu. Mama anaondoka."